Nani Alifungue Boksi la Sudi?

Nikiuliza "Imewaka?", nyinyi itikieni "Inapumua." Haya, imewaka? Vizuri. Kaeni mkao wa kusikiliza, na mwenye simu aiweke mfukoni, maana mwishoni nitadai majibu na sitaki mtu akaazime ya mtandaoni.

Walikuwepo watu watatu mjini Tabora, mtaa wa nyuma ya soko, wana chumba kimoja cha kazi na kompyuta moja ya mezani. Kazi yao ilikuwa katuni. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake na methali yake, na kwenye methali ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mrisho alikuwa na kipawa cha kunusa mapya. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, aliijua kabla haijazaliwa. Wenzake walipotaka kuibadilisha ile ya ofisini, aliwazuia. "Msinunue sasa. Kuna mpya inakuja, hiyo ni moto wa kuotea mbali. Subira yavuta heri." Ikasemwa itatoka Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikasemwa baada ya masika. Masika yakaisha, kampuni ikaomba radhi, ikaahidi mwisho wa mwaka, ila mwaka wenyewe haikuutaja. Mrisho aliumia, akanuna, akaendelea kungoja.

Shilinde alikuwa na mikono. Kitu kikifa, yeye anakifungua na kinaamka. Kungoja kulimwasha mwili. "Ngojangoja yaumiza matumbo," alisema, kisha huyo mtumbani, kusaka vifaa vilivyotumika. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa ya vipande, kila kipande na ukoo wake, na alikuwa ametoka kuipatia prosesa iliyotumika ambayo aliipenda mno. Siku nzima alikuwa akiisifia mpaka watu wanamkimbia.

Nyamizi ndiye aliyechora. Kwa mistari mitatu alikupa mtu mzima na kiburi chake. "Usiache mbachao kwa msala upitao," aliwaambia wenzake kila walipobishana. Lakini nitawapa siri yake: alikuwa amechoka na mbacha huo. Mashine ile ilibeba vikaragosi viwili, vitatu, basi. Nyamizi alitamani siku moja achore umati, kila mtu na sura yake na mwendo wake, nao utembee.

Sasa, binti mmoja anaitwa Ramla akaja na ombi.

"Bibi yangu, Bi Kalunde, hasikii tena," alisema. "Harusini watu watasema na kusema, naye atakaa anatabasamu kwa adabu tu. Nataka aone nilivyokutana na Hamdani. Katuni isiyo na maneno, aelewe kwa macho. Ila akishasali alasiri anarudishwa Sikonge, hawezi kulala huku."

Nyamizi alilelewa na bibi. Maneno yale yalimwingia, akajisahau. Akachora Hamdani anavyoanguka na baiskeli mbele ya Ramla, akachora posa, na mwisho, harusini, akachora umati wake: mashangazi, majirani, wapiga ngoma, kila mtu na madaha yake. Alikuwa na furaha hata chai ilipoa akainywa hivyohivyo.

Lakini kuchora ni kitu kimoja, na mashine kuishona michoro yote iwe filamu ni kingine. Wao huita kupika. Asubuhi ya harusi filamu ilikuwa bado jikoni, na Mama Ramla akapiga simu.

"Vipi, wanangu?"

"Tunapika, mama," Mrisho alijibu. "Tangu jana. Ni nzito, haijaiva."

Mama Ramla ana shughuli ya watu wengi kichwani, akasikia habari ya chakula. Punde si punde akaingia na shangazi mtu yuko nyuma na mwiko mkononi. Wakawakuta watu watatu wamekodolea kioo.

"Moto uko wapi?" shangazi aliuliza.

Kompyuta ikatoa harufu ya kuungua, ikazima.

"Wali umeungua," shangazi alisema, "na sufuria lenyewe sijaliona."

Nyamizi hakuweza hata kucheka. Kichwani alimwona Bi Kalunde amekaa katikati ya ukumbi, anatabasamu kwa adabu.

Shilinde akafungua mashine, akanusa, akatikisa kichwa. Prosesa imekufa. Akapanda pikipiki hadi kwake, akaing'oa ile prosesa yake mpenzi, akaja nayo ndani ya leso, akaipachika. Kompyuta ikawaka. Lakini kuwaka si kuiva: kwa mwendo ule, filamu ingetoka saa ya kuanua maturubai.

Ndipo Mrisho aliposema, "Turudishe programu ya zamani ya kupikia."

"Wewe?" Nyamizi alimtazama. "Wewe wa mapya?"

"Katika kungoja huku nimesoma malalamiko ya wangojaji wenzangu wa dunia nzima, dada. Hii programu mpya imeshonewa prosesa ambayo haijatoka. Ya kwetu inachoshwa bure."

Wakairudisha ya zamani, na kazi ikaanza kukimbia. Hata hivyo ingeiva baada ya alasiri, gari la Sikonge likiwa limeshaondoka.

Kilichobaki kuwa kizito ni umati. Mrisho na Shilinde walijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nyamizi akawaangalia mashangazi wake na wapiga ngoma wake mara moja, akawafuta. Iliuma, asikudanganye mtu. Mahali pao akachora mikono mitupu inayopiga makofi: ya kizee yenye mishipa, ya hina, ya mtoto. Mashine ikapumua, filamu ikaiva, wakakimbia nayo.

Bi Kalunde aliitazama na mdomo wazi. Hamdani alipoanguka na baiskeli, bibi alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Mwisho mikono ilipojaa kioo kizima, yeye naye akainua yake akapiga makofi, na ukumbi wote ukamfuata. Ramla alilia kwa furaha. Nyamizi naye, akasingizia moshi wa jikoni.

Kaka yake Ramla, Sudi, alikuwa amekuja kutoka ng'ambo. Akasimama na boksi dogo, na jingine kubwa kidogo chini yake. Ilikuwa ileile: prosesa iliyoahirishwa na kuahirishwa, hatimaye imetoka, pamoja na bodi ya kuipachikia.

"Nilijinunulia mwenyewe," alisema. "Lakini leo nimemwona bibi anacheka. Apewe aliyeiokoa filamu. Mmoja tu, haigawanyiki."

Mwanzoni ilikuwa adabu tupu: chukua wewe, hapana, chukua wewe. Haikudumu.

"Bila mimi kusingekuwa na moto wa kupikia," Shilinde alisema. "Na kompyuta yangu nyumbani sasa ni boksi la bati."

"Hii nimeingoja mimi, nyinyi mkinicheka," Mrisho alisema. "Na ujanja wa programu niliupata hukohuko kwenye kungoja."

"Kungoja kwako ndiko kulikoiunguza ile ya kwanza," Shilinde alimjibu.

"Na haraka yako ingetununulia mbovu nyingine ya mtumba."

"Nyinyi mlitoa kitu na neno," Nyamizi alisema. "Mimi nilifuta umati wangu. Na hii ndiyo itakayoweza kuubeba." Alijishangaa, yeye wa mbacha, jinsi alivyoitaka.

Waliohudhuria wakaulizwa. Shangazi akasema Shilinde, kwa kuwa bila moto hakuna pilau. Ramla akasema Nyamizi, kwa ajili ya ile mikono. Hamdani akasema Mrisho, maana na yeye alingojeshwa sana kwenye posa. Sudi akarudi zake ng'ambo, boksi likawekwa juu ya kabati la ofisi, halijafunguliwa.

Juzi Mrisho aliingia na uso wa msiba.

"Wametangaza nyingine," alisema. "Mwakani. Wanasema hii itakuwa si kitu mbele yake."

Nyamizi ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wote mpaka wakakaa chini. Walipomaliza kucheka, boksi lilikuwa palepale, na kila mmoja alikuwa bado analitaka.

Basi nawauliza nyinyi. Yuko aliyeng'oa chake, yuko aliyengoja akajua, yuko aliyefuta alichokipenda, na prosesa inazeekea ndani ya boksi wakati mimi na nyinyi tunatazamana. Je, wewe ungeamua vipi? Sema sasa hivi, na usiniambie tungoje.