Kilemba Kimoja cha Namkunda

Hapo zamani, si zamani ya majitu, ni pale wageni walipoanza kupanda milimani kwetu kutafuta vinyonga, binti aitwaye Namkunda alitaka kazi ya kuwaongoza msituni. Miguu alikuwa nayo. Kilichomshinda ni maneno mawili ya Kiingereza: look na see.

Akaenda kwa Mzee Senzighe, karani mstaafu. Mzee akamwambia, "Look ni kutazama, macho yako kazini. Ukitaja kitu, tanguliza at: look at the tree. See ni kuona, kitu kimeshaingia machoni. Hapo at haina nafasi: I see the tree. Rudia!" Akarudia miezi mitatu, na kila alipokosea mzee aligonga meza.

Akaenda na shangazi yake, Nakiete, kukata majani ya ng'ombe. Shangazi Kiingereza hajui hata salamu.

"Tazama mti ule. Umeona nini?"

"Majani, shangazi."

"Hujaona. Tazama tena."

Akatazama mpaka shingo ikauma. Mara jani moja likageuza jicho. Kinyonga!

"Haya, sasa umeona."

Akakutana na Elinami, mwongozaji wa wageni wa siku nyingi, akawa anafuatana naye msituni kujifunza. Siku moja Namkunda alimwambia mgeni, "See at the bird!" Elinami akaangua kicheko mbele za watu: "Mama wee! See at! Ndege mwenyewe ameruka kwa aibu!" Namkunda akalia njia nzima. Kosa lile hakulirudia tena.

Siku ya mtihani wa waongozaji, akamsimamisha mkaguzi aliyekuja kumpima chini ya mti. "Look at that branch." Mkaguzi akatazama, hakuona kitu, akageuka aende zake. Namkunda akamshika mkono. "Look again." Akatazama tena, halafu akapiga kelele kama mtoto: "I see it!"

Kazi akaipata. Ugomvi ukaanza.

Maana kwao, anayehitimu humvisha fundi wake, yaani aliyemfundisha, kilemba mbele ya watu siku ya karamu. Kilemba hakikatwi, na huwezi kutoa cha pili maisha yako yote.

Mzee Senzighe akasema, "Nimefundisha watu arobaini. Hakuna aliyerudi hata na leso. Bila mimi angemwambia mkaguzi nini?"

"Maneno ulimpa wewe, sawa," akasema shangazi. "Na kinyonga angemtoa wapi, mfukoni mwako? Nipeni, hata mimi kichwa ninacho."

"Wazee wangu," akasema Elinami, "mlimfundisha nyote wawili, na bado alisema see at. Nani alimponya?"

"Wewe ulimliza!"

"Nilimliza, shangazi. Amekosea tena?"

Namkunda amesimama, kitambaa mikononi, anawapenda wote na machozi yanamlengalenga. Mbele yake vichwa vitatu: kipara cha mzee, khanga ya shangazi, kofia ya Elinami iliyokaa upande.

Msiniambie "wote". Kitambaa ni kimoja, na pilau linapoa. Semeni: nani alistahili kuvishwa?