Mume wa Kuazimwa

Palikuwa na tajiri mmoja, Mwinyi Kambi, mwenye kinu cha kukamulia ufuta, kile cha kuzungushwa na ngamia. Mti wa kinu ulikuwa umeoza. Wafanyakazi wakamwambia, naye akasema mti hauozi kwa maneno. Basi ukakatika, ukamwangukia Vuai, ukamvunja kiuno. Tajiri akampelekea gunia la mtama, akaona yamekwisha. Tena akamtaka Kidawa, mkewe Vuai, aje mbele ya kadhi aape kuwa hana dai lolote.

Kidawa akaja, lakini hakuja kuapa. Alikuja kudai fidia yake yeye mwenyewe, ng'ombe wa maziwa. Bila ng'ombe itambidi akafanye vibarua mashambani kwa watu, na Vuai abaki peke yake akitazama ukuta.

Kesi ikasikilizwa barazani kwa tajiri, maana kahawa ilikuwa huko, na kadhi na kahawa, jamani, ni ndugu wa kunyonya. Bi Salme, mke wa tajiri, akasikiliza nyuma ya mlango.

"Kiuno kilichovunjika ni cha Vuai," tajiri akasema. "Nami nimemlipa Vuai. Wewe umevunjika wapi, bibi? Tuonyeshe."

"Nimevunjika mume."

Watu wakacheka. Kadhi akamwambia aeleze vizuri, naye akaeleza. Vuai alikuwa akimchekesha mpaka uji unamtokea puani. Yeye akitoka kisimani, Vuai alimkanda miguu. Mchuzi ukizidi chumvi, aliula wote na kuomba ukoko. Siku hizi ukimsemesha asubuhi, atakujibu jioni.

"Na mengine, kadhi, sikutajii. Una wake wawili, unayajua."

Kadhi akainamia kikombe chake.

"Upuuzi," tajiri akasema. "Soga, vicheko, kukandana miguu. Hayo hayana thamani hata ya kokwa la embe."

"Basi nikuazime wewe. Majirani huazimana ungo na mchi, vitu vyenye thamani, sembuse hayo yasiyo nayo. Njoo kwangu mpaka Vuai apone, unichekeshe. Chakula usiogope, gunia lako la mtama bado lipo."

Tajiri akatabasamu. Alijua mkewe atamtoa huyu mwanamke mbio.

"Mwenye mali yumo ndani. Mwombe yeye."

Kidawa akageukia mlango. "Hodi, Bi Salme. Nimekuja kuazima mume."

Sauti ya Bi Salme ikatoka, taratibu, kama ya mtu anayechambua mchele.

"Mchukue, mwanangu. Wala usijisumbue kumrudisha."

Baraza zima likaangua kicheko. Tajiri naye, kwa kutafuta pa kushika, akashika hapo hapo.

"Mmesikia wenyewe. Hata mke wangu hadai kitu. Mume si mali ya kudaiwa. Kadhi, kata kesi."

Kidawa akakaza kanga kiunoni.

"Kata, kadhi. Huyu mzima, mkewe anamtoa bure. Wangu hata kukaa hawezi, nami namdai mbele za watu. Haya amua, ni yupi kati yao mwenye thamani ya ng'ombe."