Kiti Kimoja cha Matangazo ya Vifo

Sogeeni, ila msitarajie kucheka sana. Palikuwa na watu watatu katika redio moja ndogo ya Korogwe, na kazi yao ilikuwa kutangaza vifo. Kibwana alikuwa na sauti; akisema tu "tunasikitika", watu waliacha kula. Hoza alikuwa mwepesi wa kompyuta. Mwanjaa alizijua koo: nani atajwe kwanza, na mjomba gani akirukwa maziko yanaingia ugomvi.

Meneja akawaambia, "Jifunzeni akili mnemba, hii mashine ya kutangaza. Atakayejifunza atapanda." Mwanjaa, mjane anayetunza wazazi wake wote wawili, aliamini kuliko wenzake.

Kibwana akaipa mashine sauti yake. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, na siku mashine ilipoongea kama yeye, alitoka nje akakaa peke yake.

Hoza akajifunza kuiagiza. Mara ya kwanza ilisema, "Tuna furaha kubwa kuwatangazia kifo cha Mzee Shekiondo." Bahati nzuri tangazo lilikuwa bado halijaenda hewani! Aliirekebisha kwa subira mpaka ikajua kusikitika.

Mwanjaa akaifundisha koo, za Lushoto na za Handeni, mpaka ikaacha kumtaja mkwe kabla ya mjomba. Alifanya kwa moyo wote, maskini, akidhani anapanda.

Mashine ilipoiva, meneja akawaita. "Mmefanya kazi nzuri mno. Sasa anatosha mtu mmoja wa kuisimamia. Chagueni wenyewe."

"Inasema kwa sauti yangu," alisema Kibwana.

"Bila mimi ingekuwa inashangilia misiba," Hoza akajibu.

"Na bila mimi wafiwa wangeshatuvamia hapa," alisema Mwanjaa. Kisha akamgeukia meneja. "Huyo mmoja atakaa mpaka lini, bosi?"

Meneja akatazama meza. "Mpaka ijisimamie yenyewe, dada. Ndiyo kazi atakayopewa, kuifundisha kujisimamia."

Mwanjaa alijua sasa kwamba atakayebaki atakuwa anajifukuza kazi mwenyewe, taratibu. Alikitaka kiti hicho hivyo hivyo, na kukitaka huko kulimuuma kuliko kukikosa. Aliwatazama wenzake, akaona nao wanakitaka.

Haya, nyie mliokaa hapo. Mwenye sauti, mwenye kuagiza, au mwenye kujua koo? Wewe ungempa nani kiti hicho, na ungemtazamaje usoni ukimpa?