Ndege Mweupe Kwenye Karatasi Nyeupe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu bali ya juzi, simu za kupangusa zikiwa zimeshafika Ifakara, palikuwa na kikundi cha wanawake walima mpunga kilichoitwa Yangeyange. Nasimulia ilivyotokea, sipambi. Anayetaka mapambo aende harusini.

Kikundi kilianzishwa na Mama Kasilda. Nembo aliichora mwenyewe kwa penseli, nyuma ya kalenda ya parokia: yangeyange mweupe, mdomo na miguu imepakwa rangi ya chungwa, kisogoni shungi la manyoya membamba kama nywele za mtoto mchanga. Kisha Mama Kasilda akafariki. Ilipokaribia misa ya kutimiza mwaka, wenzake wakaagiza kanga kiwandani. Mji wake, yaani uwanja wa katikati ya pindo, uwe wa buluu ya wino, na ndege yule awe katikati ya mji.

Kiwanda kikatuma sampuli. Wanawake wakaikunjua. Ndege alikuwa amesimama ndani ya sanduku jeupe, kama picha ya pasipoti iliyobandikwa kwenye shuka. Mmoja akasema Kasilda hakuchora ndege wa ofisini. Wakapiga simu. Kiwanda kikajibu: toeni weupe ulio nyuma ya nembo, mtuletee kabla ya saa sita Ijumaa, pamoja na jina la kanga. Mkichelewa tunachapa hivyo hivyo.

Wakakubaliana jambo moja, na wote waliinua mikono: atakayemtoa ndege sandukuni ndiye atakayeipa kanga jina. Hamkosi kujua uzito wake. Kanga bila jina ni shuka. Jina ndilo linalosema, na hili lilikuwa linakwenda kusemwa na wanawake mia mbili, mbele ya kaburi.

Jumanne akajitokeza Ottilia, katibu, aliyejifundisha kompyuta kwa kuharibu na kurudia. Akafungua picha, akachukua kifaa kinachoitwa fimbo ya uchawi, akagusa weupe mara moja. Weupe ukatoweka. Mahali pake pakatokea miraba midogo ya kijivu na myeupe, mingi, kama ubao wa drafti.

Wakamwuliza drafti imetoka wapi.

"Hiyo si drafti," Ottilia akasema. "Hiyo ni hamna. Kompyuta haiwezi kuonyesha hamna, ndiyo maana inaweka hiyo miraba."

Chumba kizima kikaitazama hamna. Hakuna aliyewahi kuiona kwa macho.

Lakini walipomweka ndege juu ya buluu, wakaona mdomo, jicho na miguu miwili. Mwili hakuna. Walikuwa wameagizwa watoe weupe, wakatoa weupe, na ndege naye ni mweupe. Penseli ilikuwa imefifia, fimbo ikauruka mstari kama mbuzi anavyoruka uzio mbovu. Bi Leokadia, mkubwa kuliko wote pale, macho yake yameshaingia ukungu, alipoelezwa akacheka. Akasema basi hapo imebaki supu.

Jumatano akajitokeza Damasi, mchora mabango wa sokoni, ambaye Mama Kasilda alimsimamia ubatizo. Yeye hakutaka fimbo. Akachukua kalamu ya kompyuta, inayoendeshwa kwa kipanya, akaweka nukta, akaweka nukta, akaweka nukta, akimzunguka ndege unyoya kwa unyoya. Jumatano nukta, Alhamisi nukta. Alipofika kisogoni akasimama. Mweupe juu ya weupe, hakuona ndege anaishia wapi. Wakamwambia akisie.

"Mkono wa mama yangu wa ubatizo siukisii," akasema, akaweka kipanya chini.

Alhamisi ile ile jioni, karatasi ile ya kalenda ya Kasilda ikapotea mezani. Ijumaa asubuhi Bi Leokadia akaingia nayo. Ilikuwa nyeusi. Alikuwa amekwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta, akayapaka karatasi yote kumzunguka ndege kwa ujiti wa ufagio. Kitu pekee kilichobaki cha mkono wa Kasilda, kimepakwa masizi! Ottilia akalia. Damasi akamwuliza Bibi kwa nini amefanya vile bila hata kuomba.

"Ningeomba mngenikatalia," Bi Leokadia akajibu. "Mimi na Kasilda tumekaa kwenye mpunga miaka thelathini. Yangeyange akipaa penye mawingu humwoni. Akitua mgongoni kwa ng'ombe mweusi, unamhesabu mpaka kucha."

Wakamwuliza amewezaje kuufuata mstari, naye hata uso wa mtu haoni vizuri. Akawaambia hakuuona. Kasilda alikuwa akikandamiza penseli kama anayechimbia mbegu. Rangi imefifia lakini mfereji umebaki. Aliufuata kwa ukucha wa kidole kidogo, usiku kucha, na ujiti ukafuata ukucha.

Wakaiweka karatasi kwenye skana. Ottilia akachukua fimbo yake ile ile, akagusa masizi. Weusi ukaondoka wote kwa mara moja, hamna ikafunguka pande zote, na ndege akabaki. Amebaki mzima, mweupe, na shungi lake unyoya mmoja mmoja. Kulikuwa na vumbi la masizi kwenye kingo. Damasi akaketi na kalamu yake, nukta kwa nukta, akalisafisha mpaka saa tano.

Wakamweka juu ya buluu: akawa ndani ya buluu. Wakamweka juu ya kijani: akawa kwenye mpunga. Ottilia akatafuta picha ya jaruba la mpunga la marehemu, maji yamejaa, akamweka hapo. Ndege akatua. Nawaambia alitua, kana kwamba maji yalikuwa yakimngoja. Mwanamke mmoja akavua kandambili zake. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Wakamtuma ndege kiwandani. Ikabaki saa moja, na jina halijaandikwa.

Ottilia akasema, "Fimbo ni yangu. Nisingewaonyesha hamna, nani angejua sanduku linatoka?" Jina lake alikuwa nalo tayari: ULITUFUNGUA MACHO MAMA KASILDA.

Damasi akasema, "Fimbo iliacha uchafu, mkono wangu ndio uliomsafisha. Na wote mliponiambia nikisie, nilikataa." Jina lake: MKONO WAKO HAUFUTIKI.

 Bi Leokadia akawakumbusha jambo walilolijua wote na hakuna aliyelitaja mwaka mzima. Msimu wa mwisho wa Kasilda kupanda mpunga, yeye Leokadia alimwambia, mbele ya watu, kwamba amesogeza mpaka wa majaruba yao. Kasilda hakumjibu, wala hakusema naye tena mpaka anaingia kaburini. Baadaye mpaka ukapimwa. Ulikuwa pale pale.

"Mimi ndiye niliyempa ndege ng'ombe mweusi wa kutulia," akasema. "Nami jina langu ni hili: MPAKA HAUKUSOGEA, NISAMEHE MWENZANGU."

Ottilia akamwambia, bila kumwonea haya, kwamba hawezi kuchafua karatasi ya marehemu na kisha kuwavisha wanawake mia mbili toba yake peke yake. Damasi akasema lakini bila masizi wangekuwa bado wanatazama supu. Bi Leokadia akasema ni kweli, na ni kweli, yote mawili.

Simu ikalia. Kiwanda kinauliza: ndege tumempokea, safi kabisa, na jina je?

Haya. Mmoja alileta fimbo, mmoja alileta mkono, mmoja alileta masizi. Nafasi ya jina juu ya pindo la chini iko wazi na simu iko hewani. Je, nani alistahili kuipa kanga jina? Semeni, na mseme waziwazi.