Nyama Iliyotangulia Mfupa

Sikilizeni habari za mpiga tarumbeta mmoja, Ambwene, ambaye kwaya nzima ya matarumbeta ilimtegemea. Jino lake la mbele lilioza, usaha ukala mfupa wa taya. Akang'olewa jino, akasafishwa, kidonda kikafunga upesi ajabu. Akamshukuru Mungu, akarudi kupuliza. Haukupita muda, meno ya jirani yakaanza kucheza.

Daktari wa meno, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akampiga picha na kumwonyesha. Juu fizi nzuri, chini shimo.

"Mbona nilipona, daktari?"

"Ilipona nyama. Nyama hukua haraka, mfupa hukua polepole. Nyama ikiwahi kuingia shimoni, mfupa unakosa pa kukaa."

Akamweleza: atafungua tena, aiondoe ile nyama, ajaze chembechembe za mfupa, kisha azifunike kwa utando mwembamba wa kuizuia nyama isiingie.

"Utando kazi yake kuzuia tu. Mfupa utajijenga wenyewe. Ila tarumbeta usiliguse mpaka niseme. Utando ukisogea, meno haya nayo yatatoka, na hutapiga tena maishani."

Akafanyiwa hivyo. Jamani, mnajua kumkalisha mpiga tarumbeta wakati wa Pasaka ni kitu gani? Alfajiri ile wenzake walikuwa wanakwenda makaburini kupiga nyimbo za ufufuo. Kiongozi wao akampitia nyumbani.

"Kaka, kidonda si kimefunga? Bado unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi twende! Nyimbo mbili tu."

Ambwene akalitazama tarumbeta mkononi mwa mwenzake.

"Hata mara ya kwanza kilifunga," akasema. "Tangulieni. Mimi nakuja kusikiliza."

Akaenda kweli, akasimama nyuma ya watu, mikono mfukoni, machozi yanamtoka. Hakupuliza. Pasaka ikapita, sikukuu ya mavuno ikapita. Daktari alipompiga picha tena, palipokuwa na shimo pamejaa mfupa mweupe. Akayasukuma meno kwa kidole, yamekaza.

"Kapige," akamwambia.

Sasa, wapendwa, najua mnangoja niseme tuwe wavumilivu kama Ambwene. Leo sisemi hivyo. Nauliza: nani alimharibia mara ya kwanza? Ni nyama yake mwenyewe, tena nyama nzima isiyo na ugonjwa, ilikuwa tu na haraka ya kuziba pengo.

Nyama hiyo ni sisi.

Mwenzetu akifiwa, udongo wa kaburi haujakauka tumeshamwambia anyamaze, tumeshawagawia watu nguo za marehemu, tumeshamtafutia mchumba. Akicheka nasi kidogo tunasema amepona. Nani kati yetu amewahi kuuliza chini pakoje?

Wiki hii twende kwa mwenzetu aliyefiwa, tukakae naye. Anayekuja na haraka zake tumzuie mlangoni. Na sisi wenyewe tufunge midomo, Mungu apate nafasi ya kujenga.