Kofia Nyeusi za Kikosi

Mkakasi ni kijaluba cha mti kilichopakwa rangi kikavutia macho. Ukikifungua, ndani hukuti ila mti mtupu. Wahenga walimwonya kwa maneno hayo mtu anayechagua kitu kwa macho peke yake. Sajini, mwanamke wa makamo aliyetunza ghala la kikosi cha kutuliza ghasia, aliyaona yakitimia.

Kikosi kilihitaji kofia ngumu mpya, na sampuli mbili ziliwekwa mezani. Moja ilikuwa ya kijivu, nzito, haina mvuto, lakini ndani imejaa sponji nene. Ya pili ilikuwa nyeusi ti, inameremeta kama jongoo aliyenyeshewa. Sajini alizibonyeza kwa dole gumba. Ile nyeusi ikabonyea. Akaomba zigongwe kwa nyundo kwanza. Mkuu wa kamati ya ununuzi, aliyekwisha kuivaa ile nyeusi na kujitazama dirishani, akamjibu kwamba kazi yake ni kupanga rafu, si kufundisha wakubwa.

"Askari lazima atishe," alisema. "Hii kofia yenyewe tu inatawanya watu."

Wajumbe wakacheka, wakatia saini. Sajini akameza maneno yake, machungu kama shubiri.

Mwezi wa pili vurugu zilizuka kwenye uwanja wa mpira. Konstebo mmoja, baba wa mapacha wachanga, waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alipigwa jiwe lisilozidi ngumi. Kofia ilipasuka kama kibuyu. Sajini ndiye aliyemvua, akiikata kamba ya kidevuni kwa kisu huku damu ikimchuruzika vidoleni.

Siku ya nne mkuu wa kamati alifika wodini pamoja na kamanda wa kikosi, akamkuta Sajini amekuja kumjulia hali mgonjwa. Kwa sauti ya upole alieleza kwamba amesikitika, ila kijana hakufunga kamba. Vifaa havina kosa. Twiga, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto lilivuma tu, alimtazama midomo asijue kwamba anasingiziwa. Mkewe aliinamisha kichwa.

Uvumilivu ukamwishia Sajini. Alitoa mfukoni vipande vya kofia alivyokuwa akitembea navyo tangu siku ile, akavimwaga kitandani.

"Afande, kamba ilifungwa. Niliikata mimi, na kifungo chake hiki hapa, hakijafunguliwa. Ulimvika kopo, sasa unataka kumvika na kosa."

Mkuu akamkumbusha cheo chake. Sajini akasema cheo anakijua na yuko tayari kukivua leo hii, lakini kwanza mkuu avae moja ya zile kofia, apigwe jiwe lile lile.

Kamanda aliokota kipande kimoja, akakikunja kwa vidole viwili, kikavunjika.

Jioni hiyo kofia zote zilirudishwa ghalani, na mkuu wa kamati akasimamishwa kazi. Sikio la Twiga halikurudi. Sajini alizipanga rafuni mia mbili, zinapendeza kweli kweli, akatamani kuzitemea mate. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.