Viti Mbele ya Mitutu

"Gobori la jirani halikosi baruti." Nimewatamkia maneno hayo mliporudi kutoka kikao cha waendesha bodaboda, ambako kila mmoja wenu alilaani mwendo wa kasi wa wenzake, nanyi mmeniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kabla baba zenu hawajaoa, kijiji chetu cha Mwitembe kilizungukwa na msitu pande zote, na humo msituni waliishi nguruwe pori waliozipenda karanga zetu kuliko tulivyozipenda sisi wenyewe. Kwa sababu hiyo wanaume wengi walimiliki magobori, bunduki zile za kienyeji ambazo baruti hushindiliwa mdomoni kwa ufito wa chuma. Mwenye gobori aliheshimiwa. Si lazima awe na shabaha; ilitosha alibebe begani siku ya gulio.

Mmoja wao alikuwa Mihambo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Gobori lake lilining'inia ukutani katika chumba cha kulala, na chini yake palikuwa na mkeka wa mwanawe mdogo, Shija. Mama wa mtoto huyo, Kalunde, hakupata usingizi mzuri tangu mtoto alipoachishwa ziwa na kuhamia mkekani. Aliusogeza mkeka huku na huko, lakini chumba kilikuwa kidogo, na kila alipousogeza, mtutu wa gobori ulionekana kumfuata mtoto.

"Baba Shija," alikuwa akisema, "kiondoe kitu hiki juu ya mtoto."

"Kitu gani? Hilo ni tupu. Mimi si kama kaka yako Kazimoto, anayelala na baruti kama mke mdogo."

Kazimoto alikuwa jirani yao, nyumba zimetengwa na ua wa minyaa tu. Naye, mkewe alipomuuliza swali lilo hilo, alijibu kwamba lake ni tupu, yeye si kama shemeji yake Mihambo.

Basi ikaja habari kwamba halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo: magobori yote yatolewe baruti na kufungiwa katika ghala la kijiji, na mwenyewe apewe lake kwa ruhusa tu. Kijiji kikawaka moto. Wanaume walioshindwa miaka mingi kukubaliana juu ya mpaka wa malisho walikubaliana siku moja. Kazimoto alitangaza kilabuni kwamba watalichukua gobori lake juu ya maiti yake. Mihambo akasema hilo si shida, maiti ya Kazimoto ni nyepesi.

Diwani wetu, Bi. Semeni, alikuja kukusanya maoni. Kikao kilifanyika katika jengo la shule, na wenye magobori waliambiwa waje nayo ili yaonekane. Yalilazwa juu ya madawati yaliyopangwa mstari mmoja, mitutu yote ikielekea ukuta usio na dirisha, na wanaume wakasimama kandokando. Kalunde aliketi nyuma pamoja na wanawake wengine, Shija akiwa mapajani. Alikuwa ameazimia jambo moja: mtoto huyo halali tena chini ya gobori, hata ikibidi yeye na mwanawe wahamie jikoni.

Mihambo alizungumza wa kwanza. "Mheshimiwa Diwani, sheria hii ni nzuri sana. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila iandikwe wazi kwamba hainihusu mimi."

"Kwa nini isikuhusu?" aliuliza Bi. Semeni.

"Kwa sababu gobori langu ni tupu. Mimi hulijaza nguruwe akishaingia shambani, si kabla. Wa kudhibitiwa ni watu kama huyu shemeji yangu."

Kazimoto akadakia kabla hajaruhusiwa. "Mheshimiwa, usimsikilize. Gobori langu ni urithi wa babu. Ni kama babu mwenyewe amekaa nyumbani. Je, mtamfungia babu ghalani?"

"Babu yako huyo ndiye aliyempiga ng'ombe wake akidhani ni nyati!" akapaza sauti Mihambo.

"Angalau alipata! Wewe umewahi kupata nini, zaidi ya mafua ya umande?"

Watu wakacheka mpaka Bi. Semeni akagonga meza. Waliofuata walisema vivyo hivyo, kila mmoja akiapa kwamba lake ni tupu na akimnyooshea mwenzake kidole. Wengi waliafikiana juu ya jambo moja tu, kwamba mtu wa hatari kuliko wote ni mzee Igembe. Mzee huyo aliishi peke yake, hakuwa na maneno mengi, na mtu asiye na maneno hudhaniwa kuwa na baruti. Igembe mwenyewe alikuwa anasinzia, ameegemea fimbo yake.

Bi. Semeni akashusha pumzi. "Kama yote ni matupu, sijui halmashauri inaogopa nini. Pengine nirudi nikawaambie kwamba Mwitembe haihitaji sheria."

Wanaume wakapiga makofi. Hapo Kalunde akasimama, mtoto kiunoni.

"Mheshimiwa, kabla hujaondoka, nina ombi. Hawa waume zetu wamesimama muda mrefu. Viti vipo, na nafasi ipo pale ukutani. Naomba kila mmoja aweke kiti mbele ya mtutu wake, aketi, kisha tuendelee na kikao kwa utulivu."

Makofi yakakoma.

"Mama Shija," alisema Mihambo kwa sauti ya chini, "mambo haya ni ya wanaume."

"Ndiyo maana sijaomba kiti changu. Mwanangu hulala mbele ya mtutu huo kila siku ya Mungu. Wewe ukae kidogo tu, mchana kweupe, tena mbele ya watu."

Bi. Semeni alitazama madawati, akatazama ukuta, akaagiza viti vipangwe. Vikapangwa. Hakuna aliyeketi. Mmoja akakumbuka kwamba mgongo unamuuma na kiti kitamzidishia. Mwingine akasema kwao ni mwiko kukaa mbele ya diwani.

Mzee Igembe akaamka. Alipoona viti vitupu, alishukuru, akajikongoja hadi mbele ya gobori lake, akaketi, akanyoosha miguu, na kutoa ugoro.

Kazimoto aliona aibu kushindwa na mzee. Hata hivyo hakwenda kwenye kiti chake. "Mimi nitakaa hapa," akasema, akielekea kiti kilichokuwa mbele ya gobori la Mihambo. "Shemeji ameapa hadharani kwamba lake ni tupu. Namwamini." Akageuka, akashika magoti, akaanza kujishusha.

Mihambo alimwangalia akishuka. Kisha akapiga kelele.

"Shemeji, usikae! Limeshindiliwa! Tena fataki ya kuliwasha iko juu!"

Kazimoto aliruka mpaka upande wa wanawake. "Ungeniua!"

"Nimekuzuia! Mbona hukukaa mbele ya lako?"

"La kwangu nalijua!" alijibu Kazimoto, na alipotambua alichokisema, kilikuwa kimekwisha kutoka.

Bi. Semeni aliamuru magobori yote yapelekwe nje, yafyatuliwe kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shule. Magobori matupu ya Mwitembe yakaanza kulia, moja baada ya jingine. Kunguru wakahama. Kichuguu kilibomoka nusu, na moshi ukawa mzito hata wenye magobori hawakuonana, jambo ambalo siku ile liliwafaa. La mzee Igembe peke yake halikulia. Walipolitingisha, wakatoka buibui na pamba iliyotafunwa na panya.

Jioni sheria ilikubaliwa, pamoja na kipengele ambacho Kalunde mwenyewe alikiomba, kwamba msimu wa karanga magobori yatolewe mapema, maana nguruwe hasubiri ruhusa. Mihambo alirudi nyumbani mikono mitupu. Alikaa kitandani, akiutazama ukuta ulio wazi, na Shija chini yake amelala chali, mikono ameitandaza.

"Mama Shija," akasema mwishowe, "nakubali, langu lilikuwa na baruti. Lakini baruti kidogo tu. Ulilisikia la Kazimoto lilivyonguruma? Lile ndilo lilikuwa la hatari."

Kalunde alimfunika mtoto khanga, akazima koroboi.

"Naam, mume wangu," akajibu gizani. "Gobori la jirani halikosi baruti."